Sauti Uliyoisogeza Kulia

Ndugu yangu Hamadi,

Unisamehe kwa kimya changu. Tangu tukuzike sijakuandikia hata neno moja, ingawa dua sikuzikatiza. Dua ni haki yako, na hasira zangu hazina ruhusa ya kukunyima. Barua ni jambo jingine. Barua humwandikia mtu ninayemwamini, na hapo ndipo kalamu ilipokuwa ikikwama.

Unaikumbuka kompyuta ya madrasa yetu hapa Wete, ile uliyoiweka chumba cha nyuma ili nisikilize kasida za wanafunzi kabla ya maulidi. Wao wakirekodiwa, mimi nikivaa hedifoni na kuamua: huyu matamshi yake yamenyooka, huyu arudie. Kwenye kona ya skrini palikuwa na picha ndogo ya spika. Ukiibonyeza, kinatokea kijiti kimoja cha kupandisha na kushusha sauti. Basi. Nilikipenda kwa kuwa kilikuwa kama sentensi iliyokamilika, isiyotaka kuongezwa wala kupunguzwa neno. Siku niliyouliza kama kuna zaidi ya hapo, ulinizuia mkono kwa kile Kipemba chako cha kunichokoza: "Weye mwalimu shika hicho kimoja tu. Kwengine niachia mie."

Nikakuachia.

Mwezi uliopita mashine iligoma. Binti yako Asha, ambaye kazi yake kule Chake Chake ni kutengeneza kompyuta, aliichukua, akaifuta yote na kuipanga upya. Kasida zilisalimika. Nilivaa hedifoni, nikavuta kijiti hadi mwisho, na sauti zikanijia kama za watu wanaozungumza nyumba ya pili. Matari yalinguruma, maneno hayakushikika. Nilimkemea. "Umeiharibu mashine ya baba yako!"

"Haijaharibika, ami. Ndivyo inavyosikika kwa kila mtu."

Akaunyamazisha upande wa kulia, nami nisisikie kitu kabisa. Nikamwambia waya umekatika. Akaivaa hedifoni mwenyewe, akasikiliza, akainamisha kichwa. "Waya mzima, ami."

Kisha akafungua dirisha ambalo kwa miaka yote sikupata kuliona. Ndani yake mlikuwa na safu nzima ya vijiti: kushoto na kulia, sauti nene na nyembamba, na kingine cha kuivusha sauti mpaka wake wa kawaida. Asha alikuwa ameona jinsi ulivyovipanga kabla hajavifuta. Uliisogeza sauti yote kulia. Uliyazamisha matari, ukawainua waimbaji, ukaongeza nguvu kupita kiasi. Sikio langu la kushoto limekufa, Hamadi, na mwenye sikio amekuwa wa mwisho kuambiwa.

"Msomaji akae kulia kwa Mwalimu," ulikuwa ukiamuru, "kulia kuna baraka." Wewe ukaketi kushoto. Nilidhani ni adabu. Nilikusifu mbele za watu kwa adabu hiyo! Na pale sokoni Konde, Bi Time wa duka la vitambaa aliponiita mpaka akachoka, ulimjibu wewe: "Mwache, Bi Time, yumo ndani ya sarufi yake, leo hatoki." Naye akasema, "Basi mfungie mlango, asipigwe na baridi." Tukacheka sote watatu. Mimi nilicheka nini?

Hayo ningeyasamehe. Lililonichoma ni aliloniambia Asha nilipomshikilia aseme yote. Wanafunzi waliopita kwangu na makosa yao, uliwaita barazani kwako, ukawasahihisha kimya kimya, ukawakataza wasinieleze. Kumbe hata watoto walijua. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa kile kijiti cha kona: kinapanda, kinashuka, watu wanaridhika, na kazi yenyewe inafanyika nyuma, kwenye dirisha nisiloonyeshwa. Maisha yangu yote nimefundisha kwamba kosa husahihishwa mbele ya aliyelitenda. Uliitikia kila niliposema. Ungeniambia, Hamadi. Ningenuna wiki nzima, ungekuja kula kwangu bila kujibiwa salamu, kisha yangekwisha.

Maulidi yamekaribia. Kasida mpya zimeletwa, na kamati inangoja neno langu. Asha ameniuliza kwa upole, "Nikurudishie kama alivyoweka baba, ami, au nikuonyeshe uvisogeze mwenyewe?" Nimemwambia asiguse kitu. Akirudisha kimya kimya, nitasikia vizuri na nitaendelea kuheshimiwa kwa sikio nisilokuwa nalo. Nikivisogeza mwenyewe, mlango ukiwa wazi, kila atakayeingia ataona. Au nimkabidhi mwingine hedifoni, nikae nyuma na wasikilizaji. Hii ndiyo kazi pekee iliyonibakia, na sijui kama bado ni yangu.

Nimekukasirikia, na ningali. Ila jambo moja linanizuia kukuhukumu. Miaka yote ile uliketi kushoto kwangu ukizungumza, nami nikiitikia kwa kichwa kwa kuwa niliiona midomo yako ikicheza. Pengine uliniambia. Pengine uliniambia zaidi ya mara moja, nami nikakujibu, "Naam, naam, umesema kweli."

Mwenyezi Mungu akurehemu. Nikishaamua nitakuandikia, na barua hiyo nitakuja kukusomea kaburini kwa sauti. Safari hii nitachagua mimi pa kusimama: wewe utakuwa kulia kwangu.

Nduguyo,
Faki