Zumu Iliyolenga Ukuta

Mwenzangu, bosi wetu yule tunayemwita Profesa leo kajiumbua mbele ya mkurugenzi!

Tukiandaa slaidi za mafunzo, nilimwambia zumu, zile za kukuza sehemu ya picha, zifanane kasi, ila kila slaidi ilenge kitu chake. Sikio la kufa! Kachukua zumu ya slaidi ya kwanza, kaibandika palepale kwenye zote arobaini. Eti, "Si mlitaka zifanane?"

Haya. Somo la usalama kazini. Slaidi ya kwanza, kengele ya hatari, safi. Ya pili, picha ya mkurugenzi: zumu ikamwingia puani. Puani, mwenzangu! Ya tatu, mtungi wa kuzimia moto: ikakuza ukuta mtupu.

Mkurugenzi kauliza taratibu, "Moto ukiwaka, tukimbilie ukuta?"

Unajua msomi wetu kajibuje?

"Tutaongeza mshale."