Reli ya Magogo Iliyogawiwa Matulo

Mpendwa Baba,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa idhini ya halmashauri kuu ambayo ni mimi peke yangu, ninakutangazia kwamba shirika letu la reli, lenye makao makuu sebuleni kwangu hapa Matisi, Kitale, limesimamisha safari zote kwa muda usiojulikana. Mende waliozoea kusafiri bure wameombwa watafute usafiri mwingine. Mke wangu, Mama Nafula, kiongozi wa upinzani, ameshavirudisha viti vyake mahali pake na anaimba jikoni.

Mimi siimbi. Nimechukizwa, Baba, mpaka chai inanishinda, na kwa kuwa wewe ulikuwa nusu ya shirika, nimeona nikuandikie.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa unatoka Matulo kuja kliniki Kitale kwa ajili ya kifua chako, halafu unapumzika kwangu ukisubiri gari la kurudi. Hatukuwa na la kusema. Wewe mtu wa misitu, mimi muuza spea za baiskeli. Tukimaliza habari za mvua na mahindi tunabaki kuangalia ukuta. Siku moja nikakuuliza ilikuwaje ile reli ya magogo kule Mlima Elgon, ile uliyoifanyia kazi ya breki ujana wako wote kabla kiwanda cha mbao hakijafungwa. Ulichukua njiti mbili za kiberiti ukazilaza sambamba mezani.

"Ilikuwa nyembamba," ukasema. "Mtu wa miguu mirefu angeikalia kama punda."

Kuanzia hapo ukawa unakuja kliniki hata siku ambazo daktari hakukuita.

Tukaijenga upya kwa udogo: spoku za baiskeli za dukani kwangu zikawa reli. Mataruma tulikata kwa vijiti vya saiprasi, msitu ukawa mkonge uliochovywa rangi ya kijani, na mlima ukawa vumbi la mbao lililogandishwa juu ya ubao mkubwa kama mlango. Injini uliichonga mwenyewe, ukaivisha bati la kopo la mafuta ya kupikia. Mimi kazi yangu ilikuwa kujikata vidole na kuambiwa nisogee. Gundi ya dukani uliikataa. Ukataka ya kwato na ngozi, kama ya fundi wenu wa kiwandani, ukaichemsha uani katika sufuria ya Mama Nafula. Mungu wangu! Nyumba ilinuka kama mzoga uliovaa soksi. Yeye, kwa heshima ya mkwe, haingii ulipo, kwa hiyo alinisemesha mimi akiwa nyuma ya pazia:

"Baba Nafula, muulize mzee, wageni wakija watakaa wapi? Juu ya mlima?"

Nawe, ukiutazama ukuta, ukanijibu mimi: "Mwambie mama wapande tu. Gari liko karibu kushuka."

Nilipoweka kona yangu ya kwanza uliikagua, ukatikisa kichwa. "Hapa umeniua. Mimi niko nyuma kwa breki, magogo yananisukuma, halafu unaniwekea kona kama sikio la kondoo?" Nikaing'oa, nikaweka nyingine. Ukaniambia safari hii umevunjika mguu tu. Sijawahi kukusikia ukicheka hivyo, Baba. Nilikuwa na mvi tayari, na ndiyo kwanza nilikuwa nakufahamu.

Ulipofariki nikataka waombolezaji waione kazi ya mikono yako. Nikaipakia reli nzima kwenye pikapu hadi Matulo, nikaiweka sebuleni kwako karibu na picha yako. Tukakuzika. Tuliponyolewa nywele za msiba, mkeka ukatandikwa uani, vitu vyako vikatolewa vigawiwe: koti, kofia, redio. Mtu fulani akaubeba na ule ubao, akauweka hapo hapo. Na unajua kwetu, wapwa wa marehemu ndio wenye haki ya kuanza kuchukua.

Simiyu wa shangazi, yule wa Bungoma, alikuwa bado anatafuna. Akaidaka injini kwa vidole vinavyong'aa mafuta. "Hii ni yangu bana! Si mzee alikuwa ananipenda?" Mwingine akang'oa mabehewa, akamrushia Simiyu moja. Shangazi akauchukua mlima. Gundi yako ilikataa kuachia, wakaikanyaga ili iachie. Nilisikia spoku zikiruka, nikaona mkonge umekwama kwenye viatu vya watu, nao wanacheka.

Miezi ikapita. Simiyu akanibipu, maana yeye simu yake haijui kupiga. Nikampigia. "Njoo uone vile nimeitunza."

Nikaenda Bungoma. Behewa liko bafuni, ndani kuna sabuni, na kwenye sabuni kuna nywele, Baba, nywele fupi zilizojikunja. Injini iko juu ya televisheni, na bomba lake la moshi limejaa vijiti vya meno. Vimetumika. Alichomoa kimoja mbele yangu, akajichokoa, akakirudisha.

"Unaona? Inafanya kazi!"

Nilimeza soda yao kama dawa, nikaaga. Nikapitia Lugulu kwa shangazi: mlima wetu umelaliwa na kuku, umepakwa kinyesi kutoka kileleni hadi chini. Mpaka leo nikifumba macho naona zile nywele.

Watu wa Matisi wakiniuliza reli iko wapi, nasema wapwa walinipora. Nasema kwa uchungu, na wao wananionea huruma, wengine hata wananinunulia chai. Lakini wewe sitakudanganya.

Kabla mtu yeyote hajagusa kitu, Baba Mdogo Barasa, aliyesimamia ugawaji, aliinua mkono. "Kama kuna kitu hapa si cha marehemu, mwenyewe aseme sasa." Akaniangalia mimi. Alijua spoku zilitoka wapi. Akarudia. Mama Nafula, aliyekuwa na akina mama upande wa pili, akanitolea macho, na dada yangu akanisukuma mgongoni: "Si useme!"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nayo kabisa mdomoni: ni yangu. Lakini kusema ni yangu, mbele ya watu wote wale, ilikuwa kusema si yako. Kwamba mzee mmoja alikuwa anakuja tu kusubiri gari, na mimi nilikuwa nachezea spoku peke yangu.

"Ni ya Baba," nikasema.

Wakaigawa.

Basi lala, Baba, kifua kikiwa chepesi.

Ni mimi, mwanao.