Ibada Mbili Katika Mashine Moja

Voi,
Jumapili jioni.

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo, na uzigawe kwa nyumba nzima kabla hujaendelea kusoma, maana ukishaendelea hutakumbuka mtu. Magoti yanaendeleaje? Mvua imefika huko Funyula, na yule kuku mwekundu bado anatagia jikoni? Mimi ni mzima, ninakula vizuri, na joto la Voi nimelizoea mpaka nikialikwa harusi huko juu milimani nabeba sweta.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu huniachi nimalize sentensi, Mama, na leo nina habari ya kujivunia.

Unakumbuka siku uliponisindikiza stendi, nikija huku kuwa karani wa kanisa? Uliniambia nifanye kazi ya watu kwa heshima, lakini nisije nikafutika ugenini, nikarudi sijui hata kukusalimia kwa lugha yetu. Neno hilo nimekaa nalo. Juzi limenisaidia, ingawa najua hukuwa na habari za kompyuta.

Kompyuta ya ofisi yetu ilikuwa imechoka. Mfumo wake, yaani ile programu kuu inayoiamsha mashine na kuiendesha, ulikuwa wa zamani mno. Ukiwasha, unaweza kwenda sokoni kununua nyanya ukarudi bado inazunguka. Wazee wa ibada ya pili, ile ya Kiswahili ambamo sisi wa kuja ndio wengi, wakiongozwa na Mzee Kimeu, wakaleta fundi. Fundi akasema dawa ni fomati tu, kufuta kila kitu na kuanza upya. Mafundi wetu hawa, hata kipanya kikikwama dawa ni fomati.

Lakini ndani ya mfumo huo wa zamani kulikuwa na nyimbo za Mzee Mwandoe wa ibada ya kwanza, ile ya Kidawida, lugha ya Wataita wenyeji wa hapa. Tangu astaafu amekuwa akizitunga na kuzichapa, maneno na noti, kwa programu ambayo haifunguki kwingine, na diski yake ilishapotea. Ukifuta mfumo, umefuta nyimbo. Mzee akawakumbusha wasiache mbachao kwa msala upitao. Kimeu akajibu kwamba mbachao wenyewe umetoboka. Basi kikao kikawaka moto, ibada ya kwanza upande huu, ya pili upande ule, na mchungaji katikati anapangusa miwani.

Hapo nikanyoosha mkono, mimi karani, tena mgeni. Nikasema kanisa letu ni moja, lina mlango mmoja na benchi zilezile. Asubuhi huingia ibada ya kwanza. Ikitoka, huingia ya pili, na hakuna aliyewahi kubomoa kanisa ili ya pili ipate nafasi. Kompyuta nayo inaweza kufanywa hivyo. Mfumo wa zamani ubaki mahali pake, na mwingine mwepesi uitwao Linux, ambao tulifundishwa chuoni, ukae kando yake. Ukiwasha mashine, inakuuliza leo ni ibada gani. Walicheka, lakini wakakubali. Mchungaji alinionya pembeni kwamba nyimbo zikipotea hataweza kunitetea.

Nikapunguza nafasi ya mfumo wa zamani, kama mtu anayesogeza kabati, na mpya nikauweka pembeni. Jumamosi wazee wakaja kuona. Nikawasha. Mashine ikaenda moja kwa moja kwenye Linux bila kuuliza chochote. Mfumo wa zamani hauonekani! Mzee Mwandoe akavua kofia, akaketi kama yuko matangani. Kimeu akasema angalau sasa ugomvi umekwisha. Mama, nikaanza kupekua mashine nzima.

Mtu mmoja tu hakunipa pole wala lawama. Ni Donald, mwalimu wa kwaya ya ibada ya kwanza, mtoto wa huyo huyo Mzee Mwandoe. Alivuta kiti, akaniuliza natafuta nini. Nikamweleza hatua kwa hatua, na katika kumweleza nikaliona kosa langu. Mfumo wa zamani ulikuwa salama palepale. Ila ile orodha ya majina ya kuchagua mashine ikiamka, sikuwa nimeiambia kwamba kuna mfumo mwingine ndani. Haukufutika, ni vile tu haukutajwa.

Nikarekebisha, nikazima, nikawasha tena. Majina mawili yakatokea. Nikamwachia mzee achague mwenyewe. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akavumilia kule kuzunguka kote, na wimbo wake ukafunguka, mashine ikaupiga. Akasimama akauimba, na Kimeu, ambaye Kidawida chake ni cha kuombea maji tu, akaitikia kibwagizo. Walipomaliza, Mzee Mwandoe akanishika mkono akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo wamenitaja katika matangazo ya ibada zote mbili, Branice binti Oundo wa Funyula, nami nikasimama waniangalie. Nimejivuna, Mama, sikufichi.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Katika simu zangu zote za mwaka huu kuna mtu alikuwepo na sikumtaja. Ni huyo Donald. Tulikuwa tumekubaliana kuoana hata kabla ya mambo ya kompyuta, na nilinyamaza kwa kuogopa utasema tayari nimefutika. Sijafutika, Mama. Nimeongeza tu. Wazee wao wanaomba kuja Agosti kubisha hodi kwetu, na Mzee Mwandoe ndiye atakayetangulia. Bila baraka yako sitasogea hata hatua moja, naye Donald analijua hilo.

Msalimie Baba, na umsomee kwanza ile sehemu ya nyimbo ndipo umfikishe kwa wageni. Wasalimie na majirani wote. Donald anakusalimu pia. Nimemfundisha salamu yetu, mulembe, na kila jioni anaifanyia mazoezi. Bado anaitamka Kitaita, lakini anasema mlangoni pako hataki kuingia na salamu ya kuazima.

Ni mimi binti yako, niliye bado wa kwenu,
Branice.