Somo la Utatu Nililoliharibu

Mwalimu,

Ni mimi Dama, msaidizi wako wa darasa la ubatizo. Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike kule kwenu Taita, na bado sijalia. Nilitupa udongo wangu kaburini, nikanawa mikono, nikala wali, nikapanda basi nikarudi Mombasa. Watu wakanisifu kwamba nina imani. Sikuwa na imani, Mwalimu, sikuwa na kitu. Nilikuwa na ganzi mwili mzima, kama shavu lililotoka kwa daktari wa meno.

Nakuandikia kwa sababu nimefanya kosa, na mtu ambaye ningemwambia ni wewe.

Darasa nimelichukua mimi. Pasta alisema hakuna mwingine, na wanafunzi wako tisa wanabatizwa Jumapili ya Utatu, kama ulivyopanga. Chumba ni kile kile cha nyuma ya kanisa hapa Tononoka. Feni bado inalia, na hakuna aliyeitia mafuta.

Fundi Swaleh, rafiki yako mshona kanzu wa Mji wa Kale, alikuja kutupa pole. Miaka yote ile mlibishana kibarazani kwake, yeye akikuuliza mna Mungu wangapi, wewe ukimjibu mmoja, kisha mnaagiza kahawa. Aliniambia, "Mwanangu, sasa n'tabishana na nani?" Akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Nilimwonea wivu.

Sasa hilo kosa. Jumamosi ya wiki juzi ilifika zamu ya somo la Utatu, ambalo hukuwahi kuniachia hata mara moja. Sheria yako naijua: Mungu hafananishwi. Si yai, si jua, si maji na barafu. Ulikuwa ukisema, "Siku utakayopata mfano unaomtosha Mungu, ujue umejichongea sanamu." Mara ya kwanza nilicheka, ukanikazia macho mpaka nikanyamaza.

Mzee Karisa, yule mpakiaji uliyekuwa naye Shimanzi ulipokuwa karani wa godauni, akauliza kama unavyomjua: "Mwalimu Dama, watatu huwaje mmoja? Nambie taratibu, mimi kichwa changu kigumu." Nikamtazama. Hamu ya kutafuta jibu sikuwa nayo. Nilitaka kipindi kiishe. Birika la chai lilikuwa mezani. Nikasema, "Maji, maziwa, majani. Vitu vitatu, chai moja."

Lo! Darasa zima likachangamka. Mama Zawadi, muuza viazi karai wa kule ufukweni Mama Ngina, akapiga makofi. "Haya ndiyo mafundisho, si kutuzungusha!" Wote wakaandika kwenye madaftari yao. Maneno yako hawakuwahi kuyaandika kwa furaha namna ile, nisamehe. Mimi nikajimiminia hiyo chai, nikanywa, nikaenda zangu nyumbani.

Siku tatu sikuwaza lolote. Kisha nikiwa nafua nguo, likaniingia: ukishaichemsha chai, maziwa hayayajui tena maji. Ndani ya birika hakuna anayempenda mwenzake. Nimewachukua Baba, Mwana na Roho nikawakoroga mpaka wakapotea, na sasa watu tisa wanakwenda kubatizwa wakiwa na sanamu yangu vichwani. Nilijua ni vibaya, lakini sikuona uchungu wowote, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nikasuuza shuka, nikaianika.

Jumamosi iliyopita nikawaambia, "Ile chai nilikosea. Ifuteni." Mama Zawadi akaja juu. "Ati tufute? Nami nishamfundisha mume wangu!" Mfano mwingine sikuwa nao. Basi nikafanya ulichokuwa ukifanya wewe kila wiki, jambo ambalo, nakiri, lilikuwa likinichosha: tukasoma kila kifungu mara tatu kwa sauti, kwa kupokezana, na kabla mtu hajauliza maana, nikauliza swali lako, "Nani anasema na nani?"

Tukaanza na Yesu akibatizwa Yordani. Nani anasema? Baba. Na nani? Na Mwana, maji yakimchuruzika. Roho naye anashuka. Tukaenda bustanini usiku ule wa mateso, Mwana akimsihi Baba. Mama Zawadi akaacha kununa, akasema, "Hawa wasemezana." Tukaingia Warumi, pale Paulo anaposema kwamba kuomba hatujui, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua. Nikauliza tena. Mzee Karisa akaifuatisha mistari kwa kidole, midomo ikimchezacheza, hiyo sasa mara ya nne.

"Roho asema na Baba," akasema polepole. "Lakini asemea ndani yangu. Kumbe hata mimi nikinyamaza, maombi hayajakatika."

Mwalimu, sikulia. Ila niliketi. Wiki saba sijaomba hata neno moja. Kuwaombea wengine nimewaombea, maneno yanatoka, lakini mimi mwenyewe, langu, hapana. Nilidhani nimeshakatwa. Kumbe wakati wote huo kulikuwa na anayenisemea, na mimi sikusikia kitu.

Mzee Karisa akafunga Biblia. "Watatu kuwa mmoja bado sijaelewa," akasema. "N'tabatizwa hivi hivi?" Nikamwambia ndiyo, hivi hivi, na kwamba hata mimi nilibatizwa hivyo.

Jumapili hii wanaingia majini. Nitasimama kando nikiwashikia mataulo. Kukulilia sikuahidi, machozi yatakuja yakitaka. Nakuahidi kwamba kila Jumamosi nitafungua mlango ule, niwe na cha kuhisi au nisiwe nacho, na mfano sitawapa tena.

Sikuwahi kukuuliza kwa nini kila kifungu ni lazima mara tatu. Nilidhani ni kwa ajili yetu, watu wa vichwa vigumu. Siku hizi nashuku kwamba zilikuwepo Jumamosi ulizosoma mara ya kwanza usisikie kitu, na ya pili usisikie kitu, na ukatusomea ya tatu vivyo hivyo. Laiti ungeniambia, Mwalimu.

Kwaheri.

Dama