Kengele Imelia, Sihami

Kwa Bibi Scholastika,
Matombo, Mlimani,
Morogoro.
14 Novemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Castory,

Kwanza nikugombeze, salamu zitafuata. Nani alikutuma kunitafutia mnunuzi wa nyumba yangu nikiwa hai, nalima, nakula, na meno ya mbele yote yapo? Wewe umekaa huko Mwanza, mjomba wako Agustino amekaa Mlali, mnapigiana simu kunijadili kama mbuzi wa mnadani. Halafu habari nazisikia kwa mnunuzi mwenyewe, kapanda huku na viatu vya ngozi, anapima shamba langu kwa hatua! Nilimpa ndizi akala, maana ni mgeni, kisha nikamwonyesha njia ya kurudi. Aibu niliiona kwa niaba yako.

Haya, sasa salamu. Shikamoo yako najua umeitoa ulipofungua bahasha, na kama hukuitoa itoe sasa hivi. Marahaba. Hujambo, mume wangu mdogo? Mke mwenzangu Happiness hajambo? Mtoto ameacha kile kikohozi? Mpeni tangawizi na asali, msimkimbizie kwenye dawa kila siku. Mimi sijambo. Goti la kulia linauma mvua ikikaribia, ikishanyesha linanyamaza. Mvua za vuli zimeanza vizuri na kuku wote wazima.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu nikianza tu kufoka unasema mtandao unakatika. Barua haikatiki. Kaa chini uisome yote.

Unakumbuka mwaka jana tulivyoibiwa. Jumapili, sisi tuko misani, watu wakavunja dirisha la stoo wakabeba karafuu zote nilizokwisha kuanika, na ile kamera yako uliyonitumia wakaing'oa wakaenda nayo. Nayo kamera yenyewe ilikuwa ya kazi gani? Ulikuwa unanipigia, "Bibi, mbona leo nakuona mweupe?" Ule ni ukungu, baba. Siku ya wizi mtandao haukuwepo, hukuona hata mguu wa mtu.

Hapo ndipo mlipopata la kusema. Bibi amezeeka, bibi anaishi peke yake, bibi aje mjini. Mkaniwekea sharti, na mimi nalikumbuka neno kwa neno: wakiiba tena msimu huu hakuna mjadala, shamba linauzwa na gari linakuja kunichukua. Nikasema haya. Mkadhani nimekubali.

Castory, wewe ni mtoto wa binti yangu Lucy, Mungu amrehemu. Ardhi hii ni ya lukolo, ya ukoo wa mama zetu. Mimi niliipokea kwa mama yangu, Lucy angeipokea kwangu, na kwa kuwa ametangulia, inawangoja watoto wa dada yako Ester. Baba yako aliingia hapa na panga na shuka moja, akalima, akala, akaheshimiwa, wala hakuwahi kusema changu. Wewe umeishi kwa watu mpaka umesahau? Kazi yako ni kuilinda, siyo kuitafutia wateja.

Basi nikafanya yangu. Nilikwenda Morogoro mjini kununua dawa ya mimea, pale dukani nikaona wamefunga kengele ya wezi, nyaya zimepita ukutani vizuri kabisa. Nikauliza nani kaifunga. Wakanipa namba ya fundi mmoja wa Kihonda, anaitwa Shadya. Usiulize nililipa na nini. Una bibi anayefuga nguruwe.

Nilitegemea mwanaume. Ikaja bodaboda, akashuka binti na hijabu yake na drili begani. Nikamwuliza, "Wewe utapanda darini na hilo vazi?" Akanijibu, "Bibi, mbona wewe unapanda mikarafuu na khanga?" Nikamkaribisha chai. Mtu anayenijibu hivyo namwelewa.

Alitaka kunifungia ile ya kisasa isiyo na waya, kila kifaa na kibetri chake. Nilikataa. Vibetri vyote hivyo nani atavikumbuka? Nataka waya, kitu ninachoweza kukifuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasema waya una kazi nyingi, itabidi kutoboa. Nikamwambia toboa, nyumba ni yangu.

Nikueleze ilivyo, maana najua utajifanya unajua. Kuna boksi la chuma limefungwa chumbani kwangu, ndani ya kabati. Humo zinatoka nyaya kwenda kila mlango na kila dirisha, zimepita kwenye mabomba ya plastiki ili panya wasitafune. Kila dirisha lina vipande viwili, kimoja kwenye fremu na kimoja kwenye ubao wa dirisha lenyewe, kimoja kina sumaku. Dirisha likifungwa vinakutana, boksi linatulia. Likifunguliwa vinaachana, boksi linajua. Stoo nimeongezewa jicho juu kwenye kona, likiona mtu anatembea linasema. Na umeme ukikatika, unajua huku unavyokatika, kuna betri ndani ya boksi inaendelea na kazi.

Kufunga ilikuwa rahisi, kuipanga ndiyo ilitugombanisha. Alitaka kuweka jicho lingine sebuleni. Nikamwambia sebuleni wanalala kuku. Akasema kuku watolewe. Kuku wangu watolewe kwa ajili ya kengele? Wale wamelala pale tangu enzi za mama yao! Jicho halikuwekwa. Sebule ina sumaku tu mlangoni na madirishani, kuku wanatembea watakavyo.

Kisha kuna kibao cha namba karibu na mlango. Ukiingia unabonyeza namba ya siri kabla king'ora hakijalia. Alinipa sekunde thelathini. Mimi na goti hili, nifute tope, nitue mzigo, nitafute miwani, mara ya kwanza kikanililia mwenyewe masikioni. Nikamwambia weka dakika moja. Akasema, "Bibi, dakika moja mwizi si anabandika chai?" Nikamwambia abandike, sukari yenyewe sina. Akaweka, lakini mlango wa mbele tu. Stoo haisubiri mtu.

Namba ya siri sikuandikii, barua inapita mikono mingi. Shadya alisema niweke mwaka niliozaliwa. Ule wa kwenye kitambulisho walikadiria tu, ningeusahau. Nimeweka ninayoijua mimi.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo bibi yako alipofanya kazi ya akili. Shadya alifunga king'ora juu ya mlango wa mbele, kinatazama barabarani, kama wanavyofunga mjini. Tukakijaribu siku ya Jumanne. Mungu wangu! Wakaja majirani wote wa upande ule, Angelina na jembe, wanawe na mapanga, hata mwenyekiti wa kwaya alikuja na taulo, povu bado kichwani. Shadya akafurahi, akakusanya vifaa vyake, akaondoka.

Nikabaki nakoroga ugali nawaza. Hawa wote waliokuja, nakaa nao benchi moja kanisani. Wezi walikuja Jumapili saa ya misa, na watarudi Jumapili saa ya misa, maana wanajua upande huu wote unakuwa mtupu. King'ora kitawalilia nani? Milango iliyofungwa?

Nikampigia Shadya arudi. Akaja, akasema king'ora hufungwa mbele, ndivyo walivyofundishwa chuoni. Nikamwuliza, "Hao waliokufundisha wanasali lini?" Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Bibi, mimi nasali Ijumaa." Nikamwambia ndiyo hivyo, hata ninayemtaka asikie anasali Ijumaa.

Ni Mwinshehe, yule wa ng'ambo ya mto. Unamkumbuka, alikufundisha kutega ndege. Kwa barabara ni kuzunguka mbali, lakini kwa bonde tunaitana toka enzi na sauti inafika kama mtu yuko mlangoni. Tukakihamishia king'ora ukuta wa nyuma, chini ya paa, kinatazama bonde. Nikateremka kwa Mwinshehe tukapatana. Jumapili yeye na wanawe wanasikiliza kwangu. Ijumaa wakiwa msikitini mimi nasikiliza kwao, sina king'ora cha kwao lakini masikio ninayo, na filimbi ya marehemu babu yako ninayo.

Jumapili hii iliyopita walikuja. Wawili, na pikipiki. Mmoja akabaki barabarani, mwingine akazunguka dirisha la stoo. Alishasikia kwamba bibi kafunga kengele, akaja na koleo. Akaona waya pembeni ya fremu, akaukata ili kengele isilie.

Castory, waya ukikatwa ni sawasawa na dirisha kufunguliwa! Boksi haliulizi umekatwa na nani. King'ora kililia bonde zima likatetemeka. Mwizi ameipiga kengele yangu kwa mkono wake mwenyewe, kwa koleo lake mwenyewe! Haya ameyasema mbele ya mtendaji wa kijiji, siyo maneno yangu. Nimecheka mpaka mbavu zimeniuma, na hata sasa ninapoandika nacheka.

Mwenzake wa barabarani kusikia vile akawasha pikipiki akamwacha. Huyu akaona barabarani hakuna usafiri, akakimbilia bondeni. Na bondeni ndiko alikokuwa anapanda Mwinshehe na wanawe na fimbo. Tope la vuli unalijua. Aliteleza akafika chini amekaa, miguuni kwa Mwinshehe kabisa. Mwinshehe akamwambia, "Pole kijana, umechoka. Kaa hapo hapo. Mwenye nyumba yuko misani, akirudi mtasalimiana."

Mkwe wake Zuleha ndiye aliyetumwa kuniita. Akasimama mlangoni mwa kanisa, haingii hatoki, ananipungia mkono. Mimi niko kwenye mstari wa komunyo. Akanionyesha kwa vidole, amekamatwa, tena amekalishwa. Nikaitikia kwa kichwa, nikaenda mbele nikapokea kwanza. Mwizi hakuwa na pa kwenda.

Tulipofika vijana walitaka kumpiga. Niliwakatalia. Nikasimama mbele yake na mwavuli wangu, nikasema atakayeinua mkono asikanyage tena uwanja wangu, hata kwenye msiba wangu. Amekwenda kwa mtendaji na miguu yake, na polisi wamemchukua mzima. Ni mtoto wa watu, sura yenyewe haijaota ndevu. Nilimwambia kwamba mama yake angeona alivyokaa kwenye tope angemkana.

Karafuu zote zipo. Hakuna hata punje moja iliyotoka. Magunia yako pale pale, nimeyagusa moja moja.

Shadya amekuja kuunga waya. Akaona haya, akasema kosa lake, ule waya haukupaswa kuonekana nje, aufiche ndani ya fremu. Nikamwambia uache hapo hapo. Mwingine akija na koleo naye akate.

Na mjomba wako Agustino, ngoja nikwambie. Alisikia habari akapanda kutoka Mlali juzi. Unajua mwanangu yule haijui hodi, anapita mlango wa nyuma kama paka. Mimi niko shambani, kengele nimeiwasha. Akasukuma mlango. Nilipofika nilimkuta amesimama jikoni mikono juu, wana wa Mwinshehe wamemzunguka, anasema, "Jamani, hapa kwa mama yangu!" Wanamjua tangu utoto, walikuwa wanamfurahisha tu. Alipopata pumzi alizunguka nyumba nzima, akagusa kila dirisha, akaniambia, "Mama, hapa hata mimi siingii." Nikamwuliza na habari ya kuuza? Akasema, "Auze nani tena?" Huyo ameshanyoosha mikono. Umebaki wewe.

Mlisema wakiiba tena nahama. Wamekuja na hawakuiba. Mlioweka sharti ni ninyi, siyo mimi. Sihami, Castory. Siyo Krismasi, siyo Pasaka. Siku nikitoka hapa nitabebwa, na sitakwenda mbali, ni pale kwa Lucy, penye mgomba.

Sikuchukii. Najua uliogopa, kijana aliyempoteza mama mapema huogopa sana kwa ajili ya bibi. Lakini ukiogopa niulize mimi, usiulize wanunuzi.

Msalimie Happiness, mwambie ile khanga aliyoniletea ndiyo ninayovaa misani. Msalimie Ester ukimpigia, mwambie watoto wake wana shamba. Mwinshehe anakusalimu, na Zuleha. Agustino hakukusalimu, bado ana haya.

Bwana awafunike usiku na mchana, awaepushe na ajali, na huyo mtoto akue aje aone milima ya kwao.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata nikikufokea,

Scholastika

Ukimaliza mstari huu usiikunje barua kwanza. Chukua simu, mpigie yule mnunuzi, mwambie mwenye shamba yupo na haliuzwi. Halafu omba likizo, uje na mkeo na mtoto mchume karafuu.