Bango la Baba

Shoga, leo nimekoma!

Nimeenda dukani kumwambia baba nimesaini ile kazi ya mkataba wa miezi sita. Namkuta juu ya ngazi, brashi mkononi, anamalizia bango jipya: FUNDI SAA NA BINTI YAKE.

Na binti yake! Leo hii, jamani!

"Usiguse, rangi bado mbichi," ananiambia, meno yote nje.

Nikamwambia hapo hapo, naye yuko juu ya ngazi.

"Na miezi sita ikiisha?"

"Sijui, baba. Nimeshasaini."

Nikamwomba afute hayo maneno NA BINTI YAKE, eti namwepushia aibu. Akashuka polepole, akafunika kopo la rangi.

"Nenda, mwanangu. Sifuti kitu. Wateja wakiuliza, nitasema umetoka kidogo."