Jiko la Kupapasa

Mabatini, Mwanza

Kaka Nestory,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza, karakana inavuja, na michembe yako ya viazi vikavu panya wanainyemelea.

Jiko langu jipya la mkaa linanunuliwa sana. Ukipandisha mpini moto unakolea, ukiushusha unapungua. Mteja haulizi kitu. Mama ndiye anayelijaribu kwanza. "Weka nundu hapa, Wilhelmina," aliniambia, "kidole kijue kimefika." Nikaweka. Sasa wateja wananisifu kwamba linatumika hata gizani, nami nikatamba.

Juzi niliingia jikoni adhuhuri, jua limejaa mlangoni. Mama alikuwa anataka kusonga ugali. Akapapasa jiko mpaka akaipata nundu, akashusha moto. Kisha akapapasa meza vilevile, akitafuta mwiko uliokuwa mbele yake. Nikapiga hatua moja. Akauliza, "Nani hapo?"

Mama hataki kusikia habari za daktari wa macho. Anasema ni vumbi la mkaa tu. Tangu hapo situlii, nachonga mipini na kuivunja.

Kaka, kivuko cha Busisi si kisingizio tena cha kutokuja, sasa daraja lipo. Njoo wakati Mama angali anaweza kukuona.

Mdogo wako,
Wilhelmina